Apdeti za Windows: yanayosemwa kwenye meza ya fundi na yaliyo kweli

Kila mwezi kuna Jumatano moja ambayo naijua kabla haijafika. Simu huanza asubuhi na mapema: "Kaka, kompyuta inasema nisizime, imefika asilimia 30 imeganda." Si bahati mbaya. Microsoft hutoa apdeti za usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, utaratibu walioanza 2003, saa 4 asubuhi kwa saa za Redmond walipo wao. Kwetu Afrika Mashariki hapo ni saa 2 usiku, au saa 3 Wamarekani wanaporudisha saa zao nyuma kwa majira ya baridi. Anayewasha kompyuta kesho yake anakuta mzigo mlangoni.

Nina stesheneri: fotokopi mbili, mashine ya kulamineti, na meza ya ufundi pale pembeni. Kwenye meza hiyo nimesikia kila maelezo kuhusu apdeti. Mengine yana chembe ya ukweli, ndiyo maana hayafi.

"Zizime kabisa, kompyuta itadumu"

Huu ndio ushauri unaopendwa kuliko wote. Fundi anaingia ndani ya mfumo, anaua huduma ya Windows Update, dakika tano kazi imekwisha, na mteja anaondoka anacheka. Mwaka mzima hasumbuliwi. Kompyuta inakaa kimya kama nyumba ambayo mlinzi wake amelala.

Mfano wa kinachoweza kutokea tunao. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft walitoa kiraka cha kuziba tundu katika namna kompyuta za Windows zinavyoshirikiana mafaili kwenye mtandao. Tarehe 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kikapita kwenye tundu hilohilo. Kilifunga mafaili na kudai fidia, katika nchi zaidi ya 100. Uingereza hospitali ziliahirisha miadi na upasuaji. Kinachonikaa kichwani mpaka leo ni kwamba kirusi kile hakikuhitaji mtu abofye kitu. Kilitoka kompyuta hadi kompyuta chenyewe, na nyingi zilizopigwa zilikuwa Windows 7 ambazo kiraka chake kilikuwa tayari kipo, hakijawekwa tu.

Kwa hiyo usizime, ahirisha. Nenda kwenye mipangilio ya Windows Update, tafuta "Pause updates": unaweza kusimamisha hadi wiki tano, kisha italazimika kupokea zilizopo kabla hujasimamisha tena. Hapohapo kuna "Active hours", yaani saa unazotumia mashine, ambazo haitajizima na kujiwasha yenyewe. Unaruhusiwa kuweka muda wa hadi saa 18 kwa siku. Anayefanya kazi usiku aziweke usiku, maana Windows haijui kama wewe ni bundi.

Mimi mwenyewe nangoja kama wiki moja, wenye haraka wajaribu kwanza, nisikie kama kuna kilio. Sipotezi kitu, kwa sababu apdeti za kila mwezi hubeba na za nyuma yake. Ni kama daftari la madeni kwa mangi: ukichelewa utalipa yote siku moja, lakini hakuna linalosahaulika.

"Apdeti zinafuta mafaili"

Hapa siwezi kumcheka mtu, kwa sababu iliwahi kutokea kweli. Tarehe 2 Oktoba 2018 Microsoft walitoa toleo la Windows 10 lililoitwa 1809, na siku chache baadaye wakalisimamisha. Waliokuwa wamehamisha folda kama Documents au Pictures kwenda sehemu nyingine ya diski, na mafaili ya zamani yakabaki kule kulikohamwa, walikuta folda ile ya zamani imefagiliwa pamoja na vilivyomo. Microsoft walisema taarifa za upotevu zilitoka kwenye sehemu ndogo mno, asilimia moja ya asilimia moja ya waliosakinisha. Aliyepoteza picha za harusi hasomi asilimia. Toleo lilirudishwa 13 Novemba likiwa limerekebishwa.

Angalia ilikuwa apdeti ya aina gani. Zile ndogo za kila mwezi huziba matundu. Zile kubwa, ambazo siku hizi huja mara moja kwa mwaka, ndizo zinazoweza kubadilisha mfumo mzima, na hapo ndipo unapohitaji nakala ya mafaili yako kwenye diski ya nje kabla ya kukubali. Ikiweka mfumo mpya namna hiyo, Windows huhifadhi ule wa zamani kwenye folda ya Windows.old kwa siku 10, na ndani ya siku hizo unaweza kurudi ulikotoka kwa "Go back". Nimeona mafundi wakiifuta folda ile siku ya kwanza ili kumwonyesha mteja nafasi iliyoongezeka. Wamevunja daraja mteja akiwa bado ng'ambo.

Lakini mara nyingi "yamefutwa" si kufutwa. Mwaka jana alikuja mwalimu wangu wa zamani amekumbatia laptopu kama mtoto mgonjwa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hii kitu imenila. Alama za kidato cha pili zote."

Umeme ulikuwa umekatika apdeti ikiendelea, na betri yake haishiki chaji hata dakika kumi. Baadaye iliwaka vizuri, ila sehemu ya mbele ilikuwa tupu, picha ya nyuma imebadilika, hata Word ilikuwa inamkaribisha kama mgeni. Nilifungua diski C, nikaingia folda ya Users. Folda yenye jina lake ilikuwepo, na kando yake nyingine yenye neno TEMP. Windows ilishindwa kufungua akaunti yake ikampa chumba cha wageni. Nikafungua folda yake, nikamwonyesha: Kidato_2B, Kidato_2C, zote zimelala pale. Aliketi.

Nilimwomba kitu kimoja tu, asihifadhi chochote humo kwanza, kwa sababu kilichomo kwenye akaunti ya muda hufagiliwa ukitoka. Tulinakili alama kwenye flashi, tukazima na kuwasha mara mbili, chumba chake kikafunguka. Fundi wa awali alikuwa ameshamwambia wapige Windows mpya. Wangefanya hivyo, alama zingekwenda kweli, na apdeti ndiyo ingesingiziwa.

"Ikiganda, bonyeza batani mpaka izime"

Ile namba ya asilimia haiendi kwa saa. Inaweza kukaa 30 kwa dakika arobaini, kisha ikaruka hadi 75 ukienda kuchota maji. Kompyuta yenye diski ya zamani, ile inayozunguka, huweza kula saa nzima au mbili kwa kazi ambayo yenye SSD, diski mpya isiyozunguka, huimaliza kwa dakika chache. Usiangalie asilimia, angalia taa ndogo ya diski kama ipo, au weka sikio. Ikimetameta au ikikoroma, inafanya kazi. Iache, na chaja iwe imechomekwa. Ikiwa kimya kabisa kwa saa mbili au tatu, hapo bonyeza batani kwa muda mrefu. Mara nyingi Windows itajaribu kurudisha mambo yalivyokuwa kabla.

Isipowaka, usikimbilie kufuta. Ikishindwa kuwaka mara mbili tatu mfululizo, huleta yenyewe skrini ya matengenezo, na ndani yake kuna "Uninstall updates": unaondoa apdeti ya mwisho peke yake bila kugusa mafaili yako.

Sasa kuna jambo ambalo karibu kila mteja wangu halijui. Kompyuta nyingi mpya husimba diski zenyewe, yaani huifunga isisomeke bila ufunguo wa siri, na Windows 11 toleo la 24H2 likisakinishwa upya hufanya hivyo hata kwenye toleo la nyumbani, ukiingia kwa akaunti ya Microsoft. Siku ukiletewa skrini ya bluu inayodai ufunguo wa BitLocker, jina la usimbaji huo, unatakiwa kuandika tarakimu 48. Julai 2024 apdeti moja ilisababisha kompyuta kadhaa kudai ufunguo huo ghafla. Hauko kwenye kompyuta, na fundi hana wa akiba. Kwa kawaida uko ndani ya akaunti yako ya Microsoft, ile uliyofungua siku ya kwanza kwa barua pepe ambayo nenosiri lake umeshalisahau. Ingia leo, uandike kwenye karatasi, uiweke unapoweka cheti cha kuzaliwa.

"Zinakula bando"

Kweli tupu. Apdeti ya mwezi huwa mamia ya megabaiti, wakati mwingine zaidi ya gigabaiti moja, na Windows ikiona Wi-Fi haijui kama ni ya ofisi au ni hotspoti ya simu yako. Dhana potofu ni kwamba dawa yake ni kuzima apdeti. Dawa ni kuiambia: fungua sifa za mtandao ule wa simu, washa "Metered connection", na upakuaji mwingi utasubiri. Mpangilio huo unawekwa kwa kila mtandao peke yake, kwa hiyo ukibadilisha jina la hotspoti unaanza upya.

Wenye kompyuta mbili nyumbani wana faida ambayo hawaitumii. Kwenye Windows Update kuna sehemu ya Delivery Optimization. Chagua iwe kwa vifaa vya mtandao wa nyumbani tu. Moja ikishapakua, nyingine inaweza kuchota vipande kwake badala ya kuchota tena nje. Hakikisha haikuwekwa upande wa intaneti nzima, maana hapo bando lako linaweza kutumika kuwagawia watu usiowajua.

"Imeandika 0x80070643, Windows imekufa"

Haijafa. Januari 2024 namba hiyo ilitokea kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 kwa apdeti moja, KB5034441, kwa sababu kisehemu cha diski kinachotunza zana za matengenezo hakikuwa na megabaiti 250 za ziada. Kompyuta zenyewe zilikuwa nzima. Kuna watu walipigiwa Windows mpya, wakalipa, wakakutana na namba ileile. Namba ya kosa itafute ilivyo kabla hujatoa pesa.

Na ile skrini ya bluu ya 19 Julai 2024 iliyosimamisha viwanja vya ndege haikuwa apdeti ya Windows. Lilikuwa faili bovu la programu ya usalama ya kampuni ya CrowdStrike, likaangusha mashine zipatazo milioni 8.5, nazo za makampuni na taasisi. Bado naletewa kama ushahidi.

"Windows 10 imeisha, hiyo tupa"

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma 14 Oktoba 2025. Kompyuta haikuzimika siku hiyo. Kilichokoma ni viraka vya bure vya kila mwezi. Watumiaji wa nyumbani waliwekewa mpango wa nyongeza wa viraka vya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na njia mojawapo ya kujiunga haikuhitaji dola 30 zinazotajwa, ila kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi mipangilio yako huko.

Kabla ya kusema mashine haifai kwa Windows 11, soma jina la prosesa. Kwenye i5-6200U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, kizazi cha sita, na hicho hakikubaliki. Kwa Intel wanataka kuanzia cha nane, pamoja na RAM ya angalau GB 4 na kitu kinaitwa TPM 2.0, sehemu ya usalama inayotunza funguo za siri. Ya kizazi cha sita nawawekea Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, wanaotumia kivinjari na kuandika barua tu, na hawajarudi kulalamika.

Laptopu ya mwalimu ni i5-8250U, kizazi cha nane. Mtu alishamwambia haina TPM, akaanza kuulizia bei ya nyingine. Ilikuwepo, imezimwa kwenye BIOS, ile mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kwa jina la PTT. Nimeiwasha, betri tumebadilisha, nakala ya mafaili ipo kwenye diski ya nje. Windows 11 ameikubali kwa sharti lake moja: mpaka amalize kuingiza alama za muhula.