Je, Wajua Kwa Nini Nyuzilandi Inakosa Walimu wa Lugha Yake Rasmi?

Nyuzilandi hujitambulisha kuwa nchi ya tamaduni mbili: ule wa Wamaori, waliofika visiwani humo karne kadhaa kabla ya Wazungu, na ule wa Wapakeha, jina wanaloitwa watu wenye asili ya Ulaya. Msingi wa utambulisho huo ni Mkataba wa Waitangi, uliotiwa saini kuanzia tarehe 6 Februari 1840 kati ya mwakilishi wa Malkia wa Uingereza na machifu wa Kimaori, ambao nakala yake ya Kimaori iliwahakikishia machifu mamlaka juu ya ardhi, vijiji na hazina zao zote. Kimaori ni lugha rasmi tangu mwaka 1987. Hata hivyo, mkuu wa shule anayetafuta mwalimu wa hisabati au sayansi awezaye kufundisha kwa lugha hiyo huweza kutangaza nafasi muhula baada ya muhula asimpate.

Jibu la haraka ni mshahara, na kweli walimu wengi wa nchi hiyo huvuka bahari kwenda Australia kufuata malipo bora. Lakini hilo humhusu mwalimu wa somo lolote. Uhaba wa walimu wa Kimaori una mizizi ya kale zaidi, nayo ilipandwa darasani.

Sheria ya Shule za Wenyeji ya mwaka 1867 iliruhusu kijiji cha Kimaori kupata shule iwapo kingetoa ardhi na kuchangia gharama, na ilitaka masomo yatolewe kwa Kiingereza kadiri ilivyowezekana. Wazazi wengi waliipokea, tena kwa hoja yenye uzito: Kimaori mtoto alikuwa nacho nyumbani, Kiingereza angekipata wapi kama si shuleni? Ila shule haikuishia kuongeza lugha ya pili. Vizazi vya watoto vilichapwa kwa kuzungumza Kimaori, hata uwanjani wakati wa mapumziko. Msomaji aliyesoma Kenya huenda anakikumbuka kile kibao alichovishwa shingoni mwanafunzi aliyekutwa akisema lugha ya mama, kikahama shingo hadi shingo mpaka jioni, hivyo hahitaji kuelezwa zaidi jinsi aibu inavyomfundisha mtoto kunyamaza.

Mtoto aliyechapwa alikua, akazaa, akaamua kwamba wanawe hawatapitia alichopitia. Akawasemesha Kiingereza. Baada ya Vita Kuu ya Pili familia nyingi zilihamia mijini kutafuta kazi, na sera ya nyumba za serikali ikazitawanya kwa makusudi miongoni mwa majirani Wapakeha, hata mtoto akawa hana wa kuzungumza naye mtaani. Takwimu zinazotajwa mara nyingi zinaonyesha anguko hilo: mwaka 1913 takriban asilimia 90 ya wanafunzi wa Kimaori waliweza kuzungumza lugha yao, mwaka 1953 walikuwa asilimia 26, mwaka 1975 hawakufika asilimia 5.

Mwaka huo wa mwisho ndio unaoeleza mambo mengi. Mtu aliyezaliwa mwaka 1975 leo yuko katika umri ambao mwalimu huwa amekomaa: anaongoza idara, analea walimu wapya, anaandika vitabu vya kiada, pengine ni mkuu wa shule. Katika kizazi chake, aliyeingia darasa la kwanza akiwa na Kimaori kinywani alikuwa nadra. Chuo cha ualimu kinaweza kumfundisha mtu mbinu za kufundishia kwa miaka mitatu, lakini hakiwezi katika miaka hiyo mitatu kumrudishia pia lugha ambayo wazazi na babu zake walizuiwa kumpa.

Waliouona msiba huo mapema hawakusubiri serikali. Tarehe 14 Septemba 1972 wanaharakati wakiongozwa na Hana Te Hemara walipeleka bungeni ombi lenye saini zaidi ya 30,000, wakitaka Kimaori kifundishwe shuleni. Mwaka 1982 huko Wainuiomata, karibu na Wellington, kilifunguliwa kituo cha kwanza cha kohanga reo, maana yake kiota cha lugha. Wazo lake lilikuwa rahisi na la busara: waliobaki na lugha ni mabibi na mababu, wanaoipokea upesi ni watoto wachanga, basi wakutanishwe. Bibi hakuhitaji cheti. Alihitaji kukaa mkekani na kuimba, kupika, kukemea na kubembeleza kwa Kimaori kitupu. Katika miaka michache viota vilienea nchi nzima.

Kisha watoto hao wakafikisha miaka mitano, wakapelekwa shule za kawaida, na lugha ikaanza kupukutika. Ndipo mwaka 1985 wazazi walipoanzisha shule ya msingi ya Kimaori katika marae ya Hoani Waititi, magharibi mwa Auckland. Marae ni uwanja wa jamii wenye nyumba ya mikutano. Shule za aina hiyo, kura kaupapa Maori, zilitambuliwa kisheria mwaka 1989. Hapo pengo lilijitokeza wazi. Hekima ya bibi ilitosha kiotani, lakini darasa la kemia linahitaji mtu wa makamo mwenye shahada ya kemia, leseni ya ualimu na Kimaori fasaha, na kizazi cha makamo ndicho kilichorukwa.

Kazi inayomngoja mtu huyo, akipatikana, si ndogo. Mtaala wa shule hizo, uliotolewa mwaka 2008, haukutafsiriwa kutoka ule wa Kiingereza bali uliandikwa kwa mtazamo wa Kimaori, na istilahi nyingi za masomo ziliundwa katika miongo michache iliyopita. Oksijeni inaitwa hāora, yaani pumzi ya uhai. Haidrojeni ni hauwai, hewa na maji. Kompyuta ni rorohiko, ubongo wa umeme. Ni maneno mazuri, na sisi tuliozoea kazi za BAKITA tunajua raha ya neno jipya lililokaa vizuri. Lakini mwalimu aliyesoma kemia yote kwa Kiingereza hana budi kuisoma upya kabla ya kuingia darasani, na mara nyingi hutengeneza mwenyewe karatasi za mazoezi ambazo mwenzake wa shule ya Kiingereza huzinunua zikiwa tayari.

Tena wanafunzi walio katika shule ambazo nusu au zaidi ya masomo hutolewa kwa Kimaori ni takriban asilimia 3 tu ya wanafunzi wote wa nchi. Watoto wengi wa Kimaori wako katika shule za Kiingereza, na huko mwalimu Mmaori hubeba mzigo usioandikwa katika mkataba wake wa kazi. Mgeni akija, ndiye anayeitwa kuongoza makaribisho ya kimila. Mwanafunzi akiingia matatani, ndiye anayetumwa kuzungumza na familia. Ndiye anayewafundisha wenzake kutamka majina ya watoto sawasawa. Hayo yote ni juu ya vipindi vyake, na wengi huchoka wakaacha kazi.

Ndiyo maana maamuzi ya karibuni yanauma. Mwaka 2020 sheria ya elimu ilizitaka bodi za shule kuutekeleza Mkataba wa Waitangi, na kuanzia mwaka 2023 historia ya nchi yenyewe ikawa somo la lazima. Lakini mwaka 2024 serikali mpya ilihamisha dola milioni 30 za Nyuzilandi kutoka mpango wa Te Ahu o te Reo Māori, uliowafundisha walimu Kimaori, ili zigharimie vitabu vya hisabati, ikidai kwamba mpango huo haukuonekana kuinua moja kwa moja maendeleo ya wanafunzi. Mwaka 2025 ikaamua kuliondoa lile sharti la bodi kuhusu Mkataba, na shule nyingi zikatangaza hadharani kwamba zitaendelea kuuheshimu. Hakuna anayepinga kwamba watoto wanahitaji vitabu vya hisabati. Lakini kupunguza mafunzo ya lugha kwa walimu, katika nchi ambayo uhaba wake ulitokana na sera ya serikali yenyewe, ni kumwachia mwenye jeraha kazi ya kujitibu.

Na wengi wanajitibu. Sensa ya mwaka 2023 ilihesabu zaidi ya wasemaji 213,000 wa Kimaori, sawa na asilimia 4.3 ya wakazi wote. Watoto wa viota vya kwanza sasa ni watu wazima, na baadhi yao ndio wanaosimama mbele ya darasa. Wanaowafuata ni wazazi walioikosa lugha hiyo utotoni. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, madarasa ya Te Ataarangi, yaliyobuniwa na Kāterina Mataira na Ngoi Pēwhairangi, huwafundisha watu wazima kwa vijiti vya rangi: mwalimu anainua kijiti chekundu, analitaja jina lake, anakiweka juu ya kile cha buluu, anaeleza alichofanya, na mwanafunzi anarudia bila kutumia neno lolote la Kiingereza. Mama anayetoka kazini jioni huketi hapo, akijifunza kusema juu, chini na kando, ili akirudi nyumbani aweze kumsaidia mtoto wake kazi za shule.