Gati la Albert: ukarabati ulioanzia majini

Anayefika leo Royal Albert Dock, yaani Gati la Albert, mjini Liverpool, Uingereza, huona mikahawa, makumbusho na nguzo nene nyekundu zilizopangana ukingoni mwa maji. Wengi hupiga picha za matofali na nguzo. Sisi tunaoshughulika na urithi wa bandari hutazama maji kwanza, maana kutulia kwake kumegharimu kazi kubwa.

Mto Mersey hupwa na kujaa kwa nguvu. Wakati wa bamvua tofauti hufikia mita 10 hivi. Meli iliyofungwa mtoni ingepanda na kushuka na mzigo wake mchana na usiku. Ndiyo maana mji ulijenga mabwawa yenye milango, la kwanza likifunguliwa mwaka 1715. Maji yakijaa, mlango hufunguliwa meli iingie. Kabla hayajapwa hufungwa, na meli hubaki ikielea palepale.

Gati la Albert, mojawapo ya mabwawa hayo, lilisanifiwa na mhandisi wa bandari Jesse Hartley pamoja na Philip Hardwick, likafunguliwa mwaka 1846. Hartley alikuwa na maadui wawili: moto na wezi. Ghala za zamani zilikuwa na maboriti ya mbao, na penye marobota ya pamba cheche moja ilitosha. Akaiondoa mbao katika majengo: kuta za matofali, dari za matao, nguzo za chuma cha kusubu, hata paa la mabamba ya chuma. Ghala akaziweka ukingoni kabisa, robota litoke melini liingie ndani moja kwa moja bila kupita barabarani. Mwaka 1848 zikaja winchi zinazoendeshwa kwa msukumo wa maji.

Shehena ilikuwa chai, hariri, tumbaku, sukari, pembe za ndovu, na pamba. Pamba nyingi ya Marekani ililimwa na watumwa, ingawa Uingereza yenyewe ilipiga marufuku biashara ya watumwa mwaka 1807. Haifai kuzisifia nguzo na kuyanyamazia marobota.

Meli za mvuke zilipozidi ukubwa, lango likawa jembamba kwao. Kufikia miaka ya 1920 meli za biashara zilikuwa karibu zimetoweka pale. Mwaka 1941 mabomu ya Ujerumani yakaharibu sehemu ya ghala. Mwaka 1972 gati likafungwa. Milango ilipoachwa wazi, kila maji kujaa yaliingia na tope, yakapwa na kuliacha. Bwawa lote likageuka uwanja wa matope, na wapo waliotaka ghala zibomolewe, japo zilikuwa zikilindwa kisheria tangu 1952.

Shirika la Maendeleo la Merseyside lilipoundwa mwaka 1981, halikuanza na maduka. Lilizoa tope, likatengeneza milango, likarudisha maji. Baadaye ndipo yakaja makumbusho ya bahari, kisha jumba la sanaa la Tate mwaka 1988. Mwaka 2007 Makumbusho ya Kimataifa ya Utumwa yakafunguliwa ndani ya ghala mojawapo, na marobota yakapata wa kuyasemea.

UNESCO iliuweka ukingo wa bandari ya Liverpool katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004, ikauondoa mwaka 2021 kwa sababu ya ujenzi mpya, ukiwamo uwanja wa mpira uliopangwa kujengwa katika bwawa jingine la bandari, Bramley-Moore. Bwawa hilo, kazi ya Hartley yuleyule, limefukiwa kwa mchanga.