Mita Isiyolia: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Uchovu wa Watu Wazima Wenye Usonji

Nyumba nyingi za kupanga mtaani Umoja zina mita ndogo ya stima ukutani, na mpangaji huujua vizuri mlio wake tokeni zinapokaribia kuisha. Mwili wangu hauna mlio kama huo. Mimi ni mtu mzima mwenye usonji (autism), hali ya kuzaliwa nayo inayofanya ubongo upokee mambo kwa namna tofauti; nimeajiriwa katikati ya jiji la Nairobi, na kwa miaka mingi nilikuwa nikitambua kwamba nguvu zimeniishia pale tu giza lilipokwisha kuingia. Ninayaandika haya kwa sababu maneno tunayoambiwa kuhusu uchovu huu, aghalabu na watu wanaotupenda kwa dhati, yamejengwa juu ya dhana zisizo za kweli, na dhana hizo humfanya mtu aliyechoka awe na kazi nyingine ya kujitetea.

"Usonji ni wa watoto."

Donald Triplett wa Mississippi, Marekani, mtoto wa kwanza katika maelezo ya daktari Leo Kanner kuhusu usonji ya mwaka 1943, alifanya kazi benki na kufariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Mtoto mwenye usonji hukua, na usonji wake hukua naye.

"Huo ni uvivu, sote huchoka."

Ni kweli kwamba kila anayefanya kazi Nairobi huchoka. Tofauti iko mahali nguvu zinakokwenda kabla kazi yenyewe haijaanza. Abiria wengi wakipanda matatu yenye muziki mzito husumbuka kwa dakika chache, kisha ubongo huuzoea mdundo na kuusukuma nyuma, hata wakaweza kusinzia. Tafiti za picha za ubongo zilizofanywa kwa vijana wenye usonji ambao hisi zao ni kali zimeonyesha kwamba kuzoea huko huja polepole zaidi kwao. Mimi, katika safari ya Barabara ya Jogoo, huusikia mdundo wa mwisho kama wa kwanza. Husikia pia makanga akigonga bodi, manukato ya jirani yakinijaa puani, na kitambaa cha kiti kikinikwaruza mkono, vyote kwa wakati mmoja na vyote kwa nguvu sawa. Dereva akikwepa foleni na kuchepukia njia ya ndani, sina budi kuipanga upya safari yote kichwani, nijue nitashukia wapi na nitavukia wapi. Nikishuka, kuna mhubiri mwenye kipaza sauti katika Mtaa wa Tom Mboya, na hatua chache mbele yake muuza viatu mwenye kipaza sauti chake. Nikifika ofisini saa mbili na nusu, kabla sijaiwasha kompyuta, nimekwisha kutumia nguvu ambazo mwenzangu wa dawati la pili atazitumia hadi saa sita mchana. Anayenihesabia kuanzia saa mbili na nusu ataona mtu mvivu, kwa sababu ile saa moja na nusu iliyotangulia hakuiona.

"Lakini unaongea vizuri, huonekani una usonji."

Kutoonekana huko ni kazi, tena kazi nzito. Mwaka 2017 Laura Hull na watafiti wenzake wa Uingereza walichapisha utafiti uliowauliza watu wazima wenye usonji jinsi wanavyozificha tabia zao mbele za watu, na wengi walieleza kwamba baada ya kujificha hivyo hubaki wamechoka kabisa. Kwetu sisi mzigo huu una sura yake. Salamu za Kiswahili hazina haraka: mtu huulizwa habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za kazi, na kila swali lina jibu lake, lina sauti yake na muda wake wa kumtazama mwenzio usoni. Mimi huzihesabu sekunde za kutazama. Huvizuia vidole visichezecheze, ingawa kuvichezesha ndiko kunakonituliza, na huandaa jibu la swali la tatu huku nikilijibu la pili. Ninazipenda salamu zetu na singependa ziondolewe. Ninachoomba ni kwamba nikikuitikia kwa neno moja siku fulani, usione kwamba nimekudharau.

"Jana uliweza, leo unajifanya."

Jana tokeni zilikuwepo. Mwaka 2003 Mmarekani mwenye ugonjwa wa lupasi, Christine Miserandino, aliieleza hali kama hii kwa kumpa rafiki yake vijiko vichache na kumnyang'anya kimoja kwa kila shughuli ya siku, na watu wengi wenye usonji wameuazima mfano huo. Mimi hupendelea tokeni, kwa kuwa vijiko humfanya msikilizaji adhani kwamba kila asubuhi unapewa fungu jipya, ilhali aliyetumia kupita kiasi Jumatatu huamka Jumanne na deni. Maja Toudal wa Denmark, ambaye mwenyewe ana usonji, alibuni pamoja na mwanasaikolojia Tony Attwood njia ya kuziandika nguvu kama hesabu za benki, yanayochota upande mmoja na yanayoweka upande wa pili. Daftari langu la hesabu hizo lilinifundisha jambo nisilolitarajia: kikao cha saa moja ambacho ajenda yake ilitumwa mapema hunigharimu kidogo kuliko dakika 20 za kununua mboga Muthurwa.

"Lala, kesho utaamka sawa."

Usingizi huuondoa uchovu wa kawaida wa siku moja. Kuna uchovu mwingine, ambao Dora Raymaker na wenzake wa Marekani waliueleza mwaka 2020 kuwa hutokana na dhiki ya muda mrefu na matarajio yasiyolingana na uwezo wa mtu, pasipo msaada wa kutosha. Kwa kawaida huchukua miezi 3 au zaidi, nao huja na mambo matatu: kuchoka kusikokwisha, kupoteza uwezo wa mambo uliyokuwa ukiyamudu, na kushindwa kustahimili sauti, mwanga au mguso. Hilo la pili ndilo watu hawaliamini. Jioni moja nilisimama mbele ya jiko, maji yakichemka katika sufuria, pakiti ya unga mkononi na mwiko mezani, na sikuweza kujua kinachofuata. Ugali nimeusonga tangu nikiwa na miaka kumi. Sikuwa nimeusahau, hatua zenyewe ndizo zilizokataa kupangana. Niliuzima moto, nikaketi sakafuni, nikala mkate mkavu. Hali hiyo ilidumu kutoka Februari hadi Juni, na hakuna wikendi ya kulala iliyoiondoa. Kilichoniinua ni kupunguziwa: niliacha kazi ya ziada ya jioni, dada yangu akawa ananipikia chakula cha siku kadhaa kwa mara moja, taa kali ya chumba ikabadilishwa, na nyumbani nikaacha kabisa kuigiza.

"Hiyo ni sonona tu."

Huenda sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ikawepo, kwa kuwa hutupata mara nyingi kuliko wengine. Lakini mwenye sonona aghalabu hushauriwa arudi kwenye shughuli na kwenye watu hatua kwa hatua, ilhali mtu aliyeishiwa nguvu kwa usonji akisukumwa huko kabla mzigo haujapunguzwa huweza kuzama zaidi. Wala haya siyo yale aliyoyaita mwajiri wangu uchovu wa kazi, kwa maana asiyeajiriwa naye hupatwa. Nisisitize jambo moja: uchovu usiokwisha upimwe hospitalini. Upungufu wa damu na kudorora kwa tezi ya thairoidi huchosha vilevile, hujulikana kwa kipimo cha damu, na mtu asinyimwe kipimo hicho kwa kuwa tayari kuna usonji wa kusingizia.

"Ukichoka utajua mwenyewe."

Ndipo ninaporudi kwenye ile mita. Wengi wetu hatuzipati mapema ishara za ndani ya mwili, ziwe za njaa, kiu au uchovu. Kwa hiyo simu yangu hulia saa nne, saa saba na saa kumi, nami hujikagua: nimekunywa maji, taya limekaza, ninaisoma sentensi moja mara ya tatu? Jibu likiwa baya huvaa vizibo vya masikio papo hapo, bila kusubiri machozi. Na kupumzika kwenyewe huenda kusifanane na mapumziko ya wengine. Nusu saa ya kuchora reli ya zamani kutoka Mombasa hadi Kisumu, stesheni kwa stesheni, hunirudishia zaidi ya saa mbili za kulala mchana.

"Anayeomba marekebisho kazini anataka upendeleo."

Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, na Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza vivyo hivyo kazini. Mimi niliomba dawati lililo mbali na printa na maagizo yawe kwa maandishi. Mwajiri wa awali alikataa. Wa sasa alikubali, na hakutumia hata shilingi moja.

"Anajitenga na jamaa."

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu asiyekwenda matangani au harusini kwetu huhesabiwa kuwa amewakana watu wake. Shangazi yangu aliniuliza, "Mwanangu, mbona kwa msiba wa jirani ulikaa saa moja tu ukatoroka?" Nikamwambia, "Shangazi, nilikuja na nguvu za saa moja, na zote niliwapa." Alinyamaza, kisha akaniuliza ni kitu gani hasa kinachozila. Tangu siku hiyo, Jumamosi ikiwa na shughuli, hunipigia simu Alhamisi kunieleza spika zitawekwa upande gani na maombi yataanza saa ngapi. Nikifika hunipeleka nyuma ya nyumba, kwenye sinia ya mchele, tukachambua pamoja bila maneno mengi hadi chakula kinapopakuliwa.