Tyubu ya LED: kung'oa stata pekee hakutoshi

Wengi huamini kwamba kubadili taa ya zamani ya tyubu ni kung'oa stata (kile kikopo kidogo kinachosaidia tyubu kuwaka) na kuchomeka LED, basi. Inategemea. Kwenye choki (kifaa ndani ya taa kinachodhibiti umeme wa tyubu) nzito ya sumaku, LED nyingi huja na stata yake bandia, ambayo ndani ni fyuzi tu. Choki hubaki, ikila wati chache bure. Choki ya kielektroniki ni habari nyingine: LED isiyoundwa kwa ajili yake huweza kuungua. Hapo fundi huiondoa choki na kupeleka laini (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudisha umeme) moja kwa moja kwenye tyubu. Soma mchoro ubavuni mwa tyubu. Ile inayopokea laini huku na nyutro kule, ukichomeka upande mmoja umeme ukiwapo, pini za upande wa pili zinaweza kukupiga shoti. Zima mein swichi. Ya ukutani wakati mwingine imekata nyutro tu, laini ikibaki na umeme.