Je, wajua kwa nini mkimbiaji aliyepona jeraha huangushwa na miguu, si pumzi?

Mei 2008 Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyekuwa akishikilia rekodi ya dunia ya marathoni, aligunduliwa kuwa na ufa katika mfupa wa paja la kushoto. Tarehe 17 Agosti alishiriki marathoni ya Olimpiki ya Beijing, akasimama njiani kunyoosha shavu la mguu, akamaliza wa 23 kwa saa 2:32:38. Wiki 11 baadaye, tarehe 2 Novemba, alishinda marathoni ya New York kwa 2:23:56.

Wengi husema Agosti alikuwa hajarudisha pumzi, na Novemba ikawa imerudi. Hesabu hiyo hupigwa kila mwanariadha mkubwa anapouguza jeraha kuelekea mashindano ya ubingwa: amekaa nje miezi mitatu, pumzi imekwisha, hana nafasi. Au hupigwa kinyume, na hapo ndipo penye hatari zaidi: ameonekana mazoezini akitimua mbio bila kuhema, basi yuko tayari. Hesabu zote mbili hupima kitu kinachopotea polepole na kurudi haraka, zikaacha kile kinachoamua.

Tuanze na pumzi yenyewe. Utafiti uliochapishwa 1984, ambao hutajwa sana mpaka leo, ulipima wanamichezo wa mazoezi ya masafa marefu walioacha mazoezi kabisa. Baada ya siku 21, uwezo wa juu wa miili yao kutumia oksijeni ulikuwa umeshuka kwa 7%. Kufikia siku ya 56 ulikuwa umeshuka kwa 16%, kisha ukatulia hapo hadi siku ya 84. Waliopimwa walikuwa 7 tu, kwa hiyo tarakimu hizo zisichukuliwe kama sheria, lakini mwelekeo wake haupingwi. Tena mshuko wa wiki za mwanzo hauhusu mapafu. Ni maji ya damu yanayopungua, moyo ukawa unasukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo. Mazoezi yakianza tena, maji hayo huongezeka katika siku na wiki za mwanzo tu. Ndiyo maana wiki ya kwanza ya kurejea kifua huwaka moto, na wiki ya tatu au ya nne mkimbiaji anajikuta anapaa.

Isitoshe, mwanariadha wa kiwango cha ubingwa haachi mazoezi kabisa. Anavaa mkanda wa kuelea, anaingia maji ya kina ambayo miguu haifiki chini, anapiga hatua zilezile za mbio. Tafiti ndogo za wakimbiaji waliofanya hivyo kwa wiki 4 hadi 6 zilikuta uwezo wao wa oksijeni umebaki karibu palepale. Sharti ni ukali: vipindi vya dakika 3 hadi 5 kwa nguvu, na mapumziko ya dakika 1 katikati. Anayeelea saa nzima kwa utulivu anapata kidogo sana. Na anayelazimisha moyo ufikie mapigo ya nchi kavu anajichosha bure, kwa sababu majini moyo hupiga pungufu kwa mapigo 10 hivi kwa dakika, juhudi ikiwa ileile. Pasipo na bwawa, baiskeli hufanya kazi nzuri kwa kanuni hiyohiyo ya vipindi vikali.

Kwa hiyo bingwa anaweza kukaa miezi miwili bila kugusa barabara, akarudi na pumzi karibu yote. Kinachokosekana ni kutua. Majini mguu hautui popote.

Kila hatua ya mbio huuleta ardhini mzigo wa mara 2 hadi 3 ya uzito wa mwili, na misuli inapovuta, mfupa wa ugoko hubeba zaidi ya hapo. Kwa hatua 180 kwa dakika, nusu saa ni hatua 5,400, yaani kila mguu hutua mara 2,700. Mizigo hiyo huacha ndani ya mfupa nyufa ndogo mno, na hilo lenyewe si ugonjwa. Nyufa hizo ndizo huamsha ukarabati, na ukarabati ndio huufanya mfupa wa mkimbiaji kuwa imara kuliko wa mtu asiyekimbia. Shida iko katika mpangilio wa ukarabati huo.

Chukua barabara ya lami inayopitisha malori kutwa. Ikianza kupasuka, mkandarasi mzuri hamwagi lami mpya juu ya nyufa. Kwanza anakwangua na kuchimba sehemu iliyochakaa. Kwa muda, barabara inakuwa nyembamba kuliko ilivyokuwa na nyufa zake, na malori yasipopunguzwa, yote hupita juu ya kipande kilichobaki na kukimaliza. Baadaye anajaza, anashindilia, anamwaga lami. Hata hapo, lami inayong'aa bado ni laini: lori zito likipita mapema, matairi huchora mitaro.

Mfupa hufuata utaratibu huohuo. Seli za kubomoa huchimba sehemu iliyochoka kwa takriban wiki 3. Seli za kujenga huja nyuma yake na kujaza kwa takriban miezi 3. Kinachojazwa kwanza ni protini laini. Sehemu kubwa ya madini huingia ndani ya wiki chache, na yaliyosalia huendelea kuingia kwa miezi mingi. Linganisha muda huo: shimo huchimbwa haraka mara nne kuliko linavyojazwa. Mkimbiaji anapoongeza mzigo ghafla, mashimo mengi hufunguliwa kwa wakati mmoja, na kwa wiki kadhaa mfupa unakuwa dhaifu kuliko siku alipoanza. Ndiyo sababu ufa haumpati siku ileile ya mazoezi makali. Humpata wiki 3, 5 au 8 baadaye, katika mbio za kawaida kabisa, naye hajui amekosea wapi.

Mtego huo ndio humsubiri anayerejea. Wiki ya nne pumzi imepaa, maumivu hayapo, tarehe ya mchujo wa taifa inakaribia, kocha anaongeza kasi, ilhali mfupa uko katikati ya mashimo. Kutokuwa na maumivu hakuthibitishi kwamba mfupa umejaa. Picha ya eksirei nayo haisaidii sana: katika wiki 2 au 3 za mwanzo wa ufa mara nyingi huonyesha mfupa safi. MRI, yaani picha ya mwili inayopigwa kwa sumaku, huona tatizo mapema, lakini alama zake zinaweza kubaki miezi baada ya mgonjwa kupona, kwa hiyo haiwezi peke yake kutaja tarehe ya kurudi. Dawa za kutuliza maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni ndizo mbaya zaidi katika hatua hii. Kama zinachelewesha mfupa kuunga bado wataalamu wanabishana, lakini kwamba zinanyamazisha onyo pekee alilonalo mkimbiaji halina ubishi.

Mahali pa ufa pana uzito kuliko jina la jeraha. Upande wa ndani na nyuma wa ugoko, au mifupa ya katikati ya wayo, mara nyingi huruhusu kurudi mbioni baada ya wiki 6 hadi 8. Shingo ya mfupa wa paja, upande wa mbele wa ugoko, na kile kifupa cha juu ya upinde wa wayo mbele ya kifundo ni habari nyingine. Damu huko ni haba au mfupa huvutwa badala ya kubanwa, na hesabu ni ya miezi 4 hadi 6, wakati mwingine kwa upasuaji. Taarifa inaposema tu kwamba mwanariadha “ana ufa mguuni”, haijatoa msingi wowote wa kukadiria nafasi yake.

Kurudi kwenyewe huenda kwa hatua ambazo hazirukwi. Kwanza kutembea kwa kasi dakika 30 bila maumivu, siku 5 hadi 7 mfululizo. Kisha kuruka kwa mguu mmoja mara 10 bila maumivu. Ndipo dakika 1 ya kukimbia na 4 za kutembea, siku moja ndiyo, nyingine hapana, kukimbia kukiongezeka hadi dakika 30 za mfululizo, jambo linalochukua wiki 3 hadi 4. Kilomita huongezwa kabla ya kasi, na viatu vya misumari huja mwisho, kwenye nyasi kwanza. Wengi huanguka kwenye kasi, kwa sababu mchapuko huongeza uchovu wa mfupa kwa kiwango kikubwa kuliko umbali unavyofanya. Majaribio ya wanyama, hasa panya, yameonyesha pia kwamba seli za mfupa huacha kuitikia mzigo baada ya marudio machache, kisha uwezo huo hurudi baada ya saa kadhaa za kupumzika. Kwa binadamu ushahidi bado ni mwembamba, lakini mbio mbili fupi asubuhi na jioni zina mantiki kuliko moja ndefu.

Yakitokea maumivu, aina yake iangaliwe. Maumivu ya kano ya kisigino huwa makali asubuhi na kupungua mwili ukipata joto. Madogo huvumilika, mradi kesho yake yasizidi. Maumivu ya mfupa huonyeshwa kwa ncha ya kidole, huongezeka kadiri unavyokimbia, na huuma hata usiku kitandani. Hayo ni ya kusimama papo hapo. Anayekula pungufu ya anachotumia, na hasa mwanamke ambaye hedhi yake imekatika, arekebishe chakula kwanza, maana seli za kujenga hazina cha kujengea.

Hapo Beijing ya Radcliffe inaeleweka. Mfupa ulimnyima kilomita za barabarani wakati wote wa maandalizi, na misuli ikakosa mazoezi ya kutua maelfu ya mara kwenye sakafu ngumu. Wiki 11 zilizofuata zilimpa hayo. Na si kila jeraha hufuata kalenda hii. Joan Benoit wa Marekani alifanyiwa upasuaji mdogo wa goti tarehe 25 Aprili 1984, akashinda mchujo wa marathoni wa nchi yake siku 17 baadaye, na tarehe 5 Agosti akachukua dhahabu ya Olimpiki Los Angeles kwa 2:24:52. Hakukuwa na mfupa wa kusubiri kujazwa.

Basi kukadiria nafasi ya mtu ni kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku ya fainali, na hapa kanuni za mashindano zina nguvu kama za mwili. Conseslus Kipruto wa Kenya alipoteza karibu msimu wote wa 2019 kwa ufa wa mguu wa kushoto. Lakini kwa kuwa bingwa wa dunia wa 2017 katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, alikuwa na tiketi ya moja kwa moja ya mashindano ya dunia ya mwaka huo huko Doha, Qatar, hakulazimika kuwa kileleni siku ya mchujo. Tena mashindano ya Doha yalisogezwa kwa sababu ya joto: fainali yake ilikimbiwa tarehe 4 Oktoba, wakati ile ya London 2017 ilikuwa 8 Agosti. Wiki nane za ziada ni zaidi ya nusu ya muda wa kujaza mfupa. Alishinda kwa 8:01.35, akimtangulia Lamecha Girma wa Ethiopia kwa sekunde 0.01. Olimpiki haina tiketi ya bingwa mtetezi. Mwaka 2021 Kipruto, bingwa wa Olimpiki ya Rio 2016, hakumaliza mchujo wa Kenya na akakosa Tokyo. 2022, kwa tiketi ya ubingwa wa Doha, alikimbia mashindano ya dunia ya Eugene, Marekani, na kupata shaba.

Aina ya mbio nayo ni sehemu ya hesabu. Mita 10,000 na marathoni hukimbiwa mara moja tu. Mita 5,000 na kuruka viunzi na maji zina mchujo na fainali ndani ya siku chache, na fainali hizo mara nyingi huanza taratibu kisha huamuliwa na mzunguko wa mwisho, yaani kwa kasi, kitu cha mwisho kurudi. Mkimbiaji wa viunzi ana la ziada: viunzi 28 na maji mara 7, vyote vya sentimita 91.4 kwa wanaume, na kila mara hutua kwa mguu mmoja. Anayerejea huanza kwa kuvipanda na kutembea, halafu viunzi vya chini vinavyoanguka vikiguswa, kisha viunzi kamili kwa mwendo wa polepole, na shimo la maji ndilo la mwisho kabisa. Akifika wiki mbili kabla ya mchujo wa taifa na bado hajaruka maji kwa kasi ya mashindano, jina lake linaweza kuwa kubwa kuliko yote kwenye orodha, lakini dhahabu iko mbali naye.