Nembo za Mashindano ya Mtandaoni: Dai Hati Kabla Hujaachia Malipo

Wajasiriamali wengi siku hizi wanatafuta nembo, lebo na mwonekano wa vifungashio kwenye majukwaa ya mtandaoni yanayoitisha kazi kwa umati wa madizaina duniani kote. Hakuna sheria inayowazuia, na kwa mwenye mtaji mdogo ni njia nzuri. Tatizo tunaliona hatua ya kusajili nembo kuwa alama ya biashara: mtu anakuja na picha ya PNG na risiti ya kadi ya benki, akiamini nembo imeshakuwa yake. Malalamiko ya aina hii yameongezeka, ndiyo maana tumeona tulifafanue.

Majukwaa hayafanani. 99designs lililoanzia Melbourne, DesignCrowd la Sydney na crowdspring la Chicago yamejulikana zaidi kwa mashindano: unaandika maelekezo ya kazi, unaweka zawadi, madizaina wanaleta michoro, unachagua mshindi. Kwenye Upwork na Fiverr kwa kawaida unamchagua mtu mmoja na kufanya naye kazi. Wateja huvutiwa na mashindano kwa sababu ya wingi wa michoro. Kwetu sisi wingi si kipimo. Kipimo ni hati utakazobaki nazo mkononi.

Kwenye shindano mshindi ndiye anayelipwa. Wengine huondoka mikono mitupu. Dizaina anayekimbizana na mashindano mengi kwa wakati mmoja hawezi kuanza kila kazi upya, na wapo wanaorudisha simba yuleyule kwa duka la viatu, timu ya mpira na kampuni ya ulinzi, wakibadilisha rangi tu. Uliza kama jukwaa linakataza michoro ya kuokota, yaani iliyokwisha kuchorwa na kusambazwa mtandaoni, kwenye nembo, na linafanya nini likibaini udanganyifu. Uliza pia kama unaweza kufanya shindano la siri, ambapo washiriki hawaoni kazi za wenzao. Hilo hupunguza kuigana.

Lipo kosa ambalo wateja hulifanya wao wenyewe, tena kwa nia njema. Muuza kahawa anampenda dizaina wa kwanza kwa mlima wake na wa pili kwa punje yake ya kahawa. Anamwandikia wa kwanza: "Weka ile punje ya mwenzako chini ya mlima wako." Wa kwanza anatii, analipwa, shindano linafungwa. Punje ile bado ni kazi ya yule wa pili, ambaye hakulipwa wala hakuhamisha haki yoyote. Hakimiliki huanza kazi inapotengenezwa, bila kusubiri kusajiliwa. Na tafadhali tuache ule usemi kwamba ukibadilisha asilimia 30 ya mchoro wa mtu unakuwa wako. Kifungu hicho hakipo.

Hata taasisi kubwa hupatwa. Julai 2015 waandaaji wa Olimpiki ya Tokyo walizindua nembo iliyobuniwa na Mjapani Kenjiro Sano. Mbunifu wa Ubelgiji, Olivier Debie, akalalamika kwamba inafanana na nembo aliyochorea ukumbi wa maonyesho wa Liège. Sano alikana kuiga, lakini Septemba 1 nembo ikaondolewa. Likafunguliwa shindano kwa umma, zikaja kazi 14,599, na safari hii zilizoingia fainali zilikaguliwa dhidi ya alama zilizokwisha kusajiliwa kabla ya kuonyeshwa kwa wananchi. Aprili 2016 ikatangazwa nembo ya Asao Tokolo. Nawe fuata mpangilio huo: kagua kwanza, tangaza mshindi baadaye. Pitisha mchoro kwenye utafutaji wa picha wa Google, kisha kwenye kanzidata ya alama za biashara ya WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, ambayo haina malipo. Ukiona Ngao ya Taifa au bendera ndani ya mchoro, iondolewe. Dizaina wa mbali huiona kama pambo tu.

Wanaotumia violezo (michoro iliyoandaliwa tayari) vya Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, nao waelewe: kiolezo kimetolewa kwa kila mtu, hivyo masharti ya Canva yenyewe hayakuruhusu kusajili nembo iliyotokana nacho kuwa alama yako ya biashara.

Sasa utaratibu. Kwa Tanzania Bara, ombi hupitia ORS, mfumo wa usajili wa mtandaoni wa BRELA (Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni). Unafungua akaunti kwa namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), unapakia nembo, unataja bidhaa au huduma pamoja na daraja lake kati ya madaraja 45: la 1 hadi la 34 ni bidhaa, la 35 hadi la 45 ni huduma. Kahawa ya pakiti ni daraja la 30. Mgahawa unaoiuza ikiwa kikombeni ni la 43. Kila daraja ni ombi lake. Likikubaliwa, alama hutangazwa kwenye jarida, na kwa siku 60 yeyote anaweza kuweka pingamizi. Ikipita, cheti hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Zanzibar ina sheria yake na usajili wake kupitia BPRA, wakala wa usajili wa huko. Cheti cha Bara hakikulindi huko. Na kusajili jina la biashara si kusajili alama. Hili limesemwa mara nyingi mno.

Mwenye haki akikushtaki, anaweza kuomba zuio, fidia na bidhaa kuondolewa sokoni. Zikidaiwa kuwa bandia, Tume ya Ushindani nayo ina mamlaka ya kuzikamata. Kusema "dizaina ndiye aliyeiga" hakukuondolei dhima: mifuko iliyoko rafuni ina jina lako, na masharti ya majukwaa mengi hupeleka mgogoro kwenye sheria za nchi kampuni ilikosajiliwa. Penye shaka, muone wakili.

Kwa hiyo, kabla ya kujiunga, fungua ukurasa wa masharti utafute mambo matatu: uhamisho wa haki kwa maandishi, ambao sheria yetu ya hakimiliki ya 1999 inautaka uwe na saini, urejeshaji wa fedha, ambao huweza kufutika ukishaahidi kwamba lazima mshindi apatikane, na nani anabeba gharama kazi ikionekana ya wizi. Mshindi akipatikana, usibonyeze kitufe cha kuidhinisha malipo kwa kuwa tu picha inapendeza kwenye simu. Pokea kwanza hati ya uhamisho yenye jina halisi la dizaina, faili la vekta, yaani mchoro unaoweza kukuzwa hadi bango la barabarani bila kufifia, na leseni ya fonti aliyotumia.