Sefu ya bunduki ghorofani haitoboi sakafu kirahisi hivyo

Kuna ujumbe wa miaka mingi kwenye magrupu: ukiweka sefu ya bunduki kwenye fleti ya ghorofani Marekani, itatoboa sakafu, maana sakafu hubeba takriban kilo 195 tu kwa mita ya mraba. Kiwango hicho ni cha kweli, ila ni cha uzito uliotandazwa chumba kizima. Chumba cha mita za mraba 12 hufika kilo 2,300. Hata beseni la kuogea likijaa maji huzidi kiwango hicho pale lilipo. Soma uzito wa sefu kwenye kibandiko chake, ongeza silaha na risasi, kisha iweke kando ya ukuta unaobeba jengo, ikilala juu ya maboriti kadhaa ya sakafu. Sefu kubwa, au jengo kuukuu? Hapo muulize mhandisi. Kuifunga kwa bolti kunahitaji ruhusa ya mwenye nyumba. Ujumbe ule, tafadhali, usiusambaze tena.